Kichwa cha mjusi wa Tendaguru kwa trei za mayai na uji wa muhogo

Kama shule ya mtaani kwenu au kikundi chenu cha sanaa wamekuomba uwatengenezee kichwa cha mnyama cha kuvaa kwenye igizo, na hela yenyewe ni ya kuungaunga, soma hii kabla hujakata boksi la kwanza. Mi ni fundi cherehani hapa Lindi mjini, nashona sare za shule, madera, mapazia, sanaa sijasomea, ila hiyo kazi nimeifanya mpaka mwisho na kuna mambo natamani mtu angeniambia mapema, ningeokoa hela na mtoto asingelia.

Mwalimu alinifuata mwishoni mwa mwezi wa tatu. Watoto walikuwa wanaandaa igizo la Siku ya Makumbusho Duniani, ile ya tarehe 18 Mei, na igizo lenyewe linahusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa zamani. Kwa wasioijua habari yake, Tendaguru ni kilima, kipo kaskazini magharibi ya mji wetu, kama kilometa 60 hivi. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa Kijerumani anaitwa Sattler aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini, alafu kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin wakaja kuchimba, viongozi walikuwa Janensch na Hennig, lakini waliochimba na kubeba ni mamia ya watu wa huku kwetu, na msimamizi wao mkubwa alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungashwa, mingine ndani ya mianzi, ikabebwa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, safari ya siku kama 4, watu na mizigo kichwani na mabegani. Mjusi mwenyewe alisimamishwa Berlin mwaka 1937 na mpaka leo yupo hukohuko, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Wanasayansi wanamwita Giraffatitan brancai. Hiki ni kitu chetu na watoto wengi wa Lindi wanakijua kwa kusikia tu, hawajawahi kukiona hata kwenye picha nzuri, kwahiyo mwalimu aliponieleza nilisisimka kabisa, nikakubali palepale bila hata kuuliza malipo.

Mwalimu alitaka shingo iende juu sana, kama mita moja na nusu, ili mgeni rasmi akiona tu ajue ni yule. Na mimi niliona sawa. Aliyechaguliwa kuwa mjusi ni binti wa kaka yangu, yupo darasa la sita, mrefu kidogo kuliko wenzake na ana sauti. Wengine wote ni wapagazi na wachimbaji.

Nikanunua waya wa kufungia nondo, nikachukua bakuli la plastiki liwe ndo kofia ya ndani, nikasuka shingo ya waya juu yake nikaizungushia maboksi. Kwa macho ilipendeza. Tukamvisha uani, ile anatembea hatua chache upepo wa baharini ukaja, si mnajua mwezi wa nne kusi inavyoanza kuvuma, shingo ikaanza kumvuta nyuma, akaishika kwa mikono miwili. Bakuli linamteleza juu ya ushungi, waya unamkandamiza kwenye paji la uso. Akawa analia kimyakimya, nikadhani ni maumivu, kumbe anaogopa akisema kizito atatolewa kwenye igizo apewe mwingine. Hiyo iliniuma sana. Mtoto alikuwa tayari kuumia asipoteze nafasi, na wengi wako hivyo, kwahiyo ukimuuliza mtoto "kizito?" usitegemee jibu lake, mwangalie shingo na mabega.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo, akaniambia, "Mwanangu, umemtwika mtoto mzigo hujampa ngata."

Hapo ndo kazi yote ilipobadilika. Sisi huku tumebeba ndoo za lita 20 tangu wadogo, tunapanda nazo milima, tunainama kumsalimia mtu njiani, ndoo haidondoki, na siri ni ngata na mzigo kukaa katikati. Kichwa cha mjusi nacho ni mzigo. Nilianza na uso na shingo na urembo, wakati cha kwanza ni pale kinapokutana na kichwa cha mtoto. Nikavunja kile cha kwanza chote.

Cha pili nilianza hivi. Nilichukua kanga kuukuu iliyolainika, ile iliyooshwa mpaka imekuwa kama pamba, nikaisokota nikaizungusha ngata ya kawaida kabisa, nikaishonea nyuzi isifumuke. Kanga kuukuu haitelezi juu ya ushungi, sponji tupu inateleza na inaleta joto. Alafu nikampima kichwa kwa futikamba akiwa AMEVAA ushungi wake wa shule, juu kidogo ya masikio, maana ndo atakavyokuwa siku yenyewe. Ukimpima kichwa kitupu alafu aje avae ushungi juu yake, au asuke nywele kubwa wiki ya shughuli, kazi yako haimwingii. Nikakata ukanda wa boksi wa upana wa vidole vinne nikauzungusha kwa kipimo kile, nikaweka ngata ndani yake, nikaunganisha kwa kushona, gundi peke yake haitoshi hapo. Huo ukanda na ngata ndo msingi, mtoto alikaa nao kichwani akicheza jioni nzima bila kitu kingine juu, akarukaruka, akachota maji, nikaona haumchubui ndo nikaendelea.

Na kuanzia hapo kila nilichoongeza nilikuwa napeleka dukani kwa muuza nafaka kupima kwenye mizani. Cha kwanza kilikuwa kinapita kilo mbili. Nikajiwekea kwamba hiki hakivuki kilo moja, liwalo na liwe, na mwalimu nikamwambia shingo ya mita moja na nusu hapana. Alisikitika, nikamweleza kwamba hata kule Berlin kwenyewe pingili za shingo zilizopo juu ni za kuigizia, zile halisi ni nzito na dhaifu hazikuweza kusimamishwa. Akakubali. Tukafanya shingo fupi, kama dhiraa moja, iliyolala nyuma kidogo, na urefu tukauleta kwa namna nyingine: mtoto anapanda juu ya meza iliyofunikwa magunia ya korosho, kilima chenyewe hicho, watazamaji wanainua vichwa kumtazama. Ilionekana ndefu kuliko ningeijenga.

Waya niliutupa wote. Shingo nilitumia fito za mwanzi zilizochongwa nyembamba, nne tu, zimefungwa kwa uzi wa katani, zinanesa upepo ukipiga badala ya kubisha. Ncha zote unazikata na kuzifunga kitambaa, mwanzi unakata kama wembe, na hapo ni karibu na macho ya watoto.

Sasa maboksi. Chukua yale magumu ya wastani, ya mafuta ya kula au sabuni, waombe madukani wanatoa bure au kwa mia mbili mia tatu. Boksi lina mbavu ndani yake, ukikunja kufuata mbavu linazunguka vizuri, ukikunja kukata mbavu linavunjika na kuweka kovu. Pale unapotaka kona chora kwanza kwa kalamu iliyoisha wino, bonyeza kwa nguvu, usikate. Na boksi lililowahi kulowa liache, hata likikauka halina nguvu tena.

Ngozi ya mjusi niliipata kwa mama chipsi, trei za mayai, anazo lundo anawashia moto. Vile vinundu vya trei ukivikata vimoja vimoja ukavibandika vikiwa vimegeukia juu unapata magamba makubwa ya shingoni, na vipande vinavyobaki usitupe, viloweke usiku kucha, vipondeponde kwenye kinu au kwa mikono, kamua maji, changanya na uji, unapata kitu kama udongo laini cha kufinyangia nyusi, pua, midomo. Ni chepesi kikikauka. Kikiwa kibichi ni kizito balaa, usimjaribishie mtoto kikiwa kibichi.

Uji wenyewe ni wa unga wa muhogo. Chekecha unga kwanza, vijiko viwili vya kulia koroga na maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, alafu mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku unakoroga hausimami, ukiona umekuwa kama kioo hivi, unavutika, toa. Utumie siku hiyohiyo, kesho yake unachacha. Magazeti yachane kwa mkono kufuata uelekeo wa karatasi, usikate na mkasi, kingo zilizochanika zinalala na kushikana, zilizokatwa zinabaki zinaonekana mistari hata ukipaka rangi. Tabaka la kwanza lielekee huku, la pili lielekee kule.

Alafu hapa ndo pana mateso yenyewe kwa sisi tunaokaa pwani. Mwezi wa nne mvua bado zipo na hewa yote ni unyevu. Nilibandika tabaka nyingi kwa pamoja kwa sababu muda unaenda, juu pakakauka nikapaka na rangi ya mwanzo, ndani pabichi, baada ya siku chache kichwa kizima kikaanza kunuka na ukungu wa kijani ukatokeza puani. Nilikaa nimekishika usiku ule nikajisikia kukata tamaa kabisa, nguo za wateja zimesimama, watu wanapiga simu wanataka madera yao, na hiki kitu kinaoza mikononi mwangu. Ilibidi kukata upande mmoja wote. Kwahiyo tabaka mbili, unaacha zikauke mpaka ukigusa na shavu husikii baridi, ndo unaongeza mbili nyingine. Shavu linajua kuliko kidole. Jua likitoka hata nusu saa kitoe nje, ukirudisha ndani kining'inize, usikilaze, upepo upite pande zote. Nilikuwa nakining'iniza jikoni juu ya jiko la mkaa kwa mbali, madirisha na mlango wazi, tafadhali usije ukafungia mkaa chumbani na kulala humo eti unakausha kazi, moshi ule usioonekana unaua.

Kuna aliyenishauri niweke chumvi kwenye uji usiharibike. Kwa huku usiweke, chumvi inavuta maji ya hewani, kazi itakuwa inatoa jasho kila siku asubuhi. Mwingine akasema mrututu, unazuia wadudu. Huo ni sumu na hiki kinakaa kichwani kwa mtoto anayetoka jasho, usithubutu. Vilevile kwa wenzangu wa Lindi na Mtwara, maganda ya korosho mabichi tunayo mengi na mafuta yake ni meusi yanang'aa, mtu anaweza kuona yanafaa kama vanishi. Yanaunguza ngozi, waliobangua korosho kwa mkono wanajua vidole vyao vinavyokuwa. Yaweke mbali kabisa.

Gundi: gundi ya mbao ile nyeupe ndo rafiki yako, ghali kidogo lakini kopo dogo linatosha ukiitumia kwenye maungio tu na sehemu nyingine ukaachia uji. Gundi ya viatu nilinunua, ina nguvu kweli, ila inanuka kwa muda mrefu na nilipoiweka kwenye vipande vya yale makasha meupe ya kuwekea samaki na barafu iliyala, vikanywea palepale vikabaki utando. Kama unatumia yale makasha, ni gundi ya mbao na uvumilivu.

Uso ulinifurahisha kuliko vyote. Mjusi wetu fuvu lake lina upinde mkubwa juu ya macho, kule kwenye matundu ya pua, ndo alama yake, ukiukosa huo upinde umetengeneza kenge. Niliufanya kwa ukanda wa boksi uliokunjwa nusu duara, nikaufunika karatasi nyembamba. Watoto walitaka meno marefu yenye damu, karibu wote, wameyaona kwenye katuni. Nikawaambia huyu alikuwa anakula majani, meno yake yamekaa kama vijiko vya kukwangulia, si ya kurarua nyama. Nililishikilia hilo. Kama tunaadhimisha kilichochimbwa na mababu zetu basi tukitengeneze kilivyo, tusilete jini. Mwalimu akaligeuza likawa sehemu ya igizo, mpagazi mmoja anaogopa na mwenzake anamwambia "huyu anakula majani kama mbuzi wako", watu walicheka na wakajifunza.

Rangi ya ngozi mifupa haisemi, kwahiyo hapo uko huru. Nilichota udongo mwekundu, nikaukausha, nikauchekecha kwenye mtandio mwepesi, nikachanganya na gundi ya mbao iliyozimuliwa maji, ikawa rangi. Vivuli nilitumia masizi ya sufuria, na majivu kwa sehemu za tumbo la shingo. Hela hamna iliyotoka. Lakini kabla ya rangi yoyote ya maji paka kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa, mara moja, iache ikauke, inaziba karatasi, bila hivyo maji ya rangi yanarudi ndani kulegeza uji na unaanza upya.

Kufunga kwake niliachana na lastiki ya kidevuni. Anaimba, anasema maneno marefu, lastiki inamkaba na kumwachia alama. Nilishona vitambaa viwili vya kanga vinatoka kwenye ule ukanda, vinapita nyuma ya masikio na kufungwa kisogoni chini ya mfupa, na kipande kingine kinashuka mgongoni kama mwendelezo wa shingo, kimeshonewa kwenye nguo yake. Hicho cha mgongoni ndo kinachozuia kichwa kisiende mbele akiinama. Tulijaribu kila kitu anachokifanya kwenye igizo: kuinama, kuchuchumaa, kugeuka ghafla, kupanda meza, kucheza ngoma ya mwisho. Bila mazoezi ya namna hiyo hujui kama umemaliza.

Siku yenyewe ratiba ilichelewa, kama zinavyochelewa, watoto wamepangwa juani wanasubiri. Nilikataa asivalishwe mpaka wapagazi waanze kuimba. Kaa karibu na mtoto wako, beba maji, sindano, uzi na kopo la gundi, usimwachie mwalimu peke yake ana watoto mia wa kuwaangalia. Magamba mawili yalibanduka nikayarudishia kwa uzi.

Kisha wakaingia. Watoto wanatoka upande wa madarasa kwa mstari, kila mmoja na mzigo wa boksi kichwani juu ya ngata, maana mwalimu alipenda ile habari ya ngata akataka wapagazi wote wawe nazo na kinamama wa watoto wakazileta kutoka nyumbani, kanga za kila rangi. Wakaizunguka meza, wakatua mizigo, wakamtaja Boheti bin Amrani kwa sauti, na binti wa kaka yangu akainuka taratibu kutoka chini ya magunia, mikono ipo huru, hashiki chochote, upinde wa pua unaonekana mpaka nyuma kabisa. Wazee waliokaa mbele walisimama. Mimi nilitokwa machozi, sisemi uongo.

Hela: vifaa vya kile cha pili havikufika elfu kumi na tano, na kubwa humo ni gundi ya mbao. Kile cha kwanza, waya na gundi ya viatu na rangi ya dukani, kilikula karibu hivyohivyo na hakikutumika. Kinachouma zaidi ni muda, kwahiyo kama unaishi kwa kazi ya mikono ongea na shule mapema kuhusu hata nusu ya malipo, au omba wazazi waje kukusaidia kuchana magazeti na kuloweka trei, hizo kazi hazihitaji fundi. Mi nilianza kuomba msaada nikiwa nimeshachelewa wateja.

Kukitunza sasa. Uji wa muhogo ni chakula, panya na mende wanaujua. Usikiache sakafuni wala stoo ya shule. Changu kimening'inizwa darini kwa uzi mwembamba, kimevikwa mtandio, nakichungulia kila wiki na siku za jua nakitoa nje. Usikifunge kwenye mfuko wa plastiki, kitatoa jasho na kuoza.

Mwalimu amesharudi, mwakani wanataka na Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni na mkiani, naye alichimbwa Tendaguru hapohapo. Nimemwambia miiba itakuwa ya malapa yaliyochakaa, ile raba inanesa haitoboi mtu, na kwamba safari hii tunaanza kubandika mwezi wa kumi wakati wa jua, siyo mwezi wa nne. Trei nimeshaanza kuzikusanya kwa mama chipsi. Mwenye malapa mabovu na yupo Lindi mjini asiyatupe.